Wakili wa Fisi Huku Mlimani

Jumatatu, 14 Julai

Siku njema. Yaani ilikuwa njema mpaka Mwalimu Nestory alipofungua mdomo.

Jioni tulikuwa kijiweni tunasikiliza "Nyumba Kumi za Porini", ule mchezo wa redio uliowafanya watu waache hata kubishana habari za mpira. Wanyama watupu, lakini wanaishi kama sisi. Kiboko ndiye balozi. Mchana kutwa yuko majini, jioni anatoka kutoa amri. (Mabalozi wote niliowahi kuwaona!) Bi Kanga, ndege mjane, mlokole, anatunza ufunguo wa ghala. Fisi ni mlinzi wa ghala hilohilo. Sasa gunia la dagaa limeibwa, na pori zima linasema ni Fisi. Wanataka kumfukuza.

Halafu tangazo! Jumamosi kila kijiwe kipeleke mchambuzi mmoja studio, pale Nyamagana, akamtetee mnyama wake hewani. Mchambuzi! Neno limenikaa mwilini kama koti la kushonesha. Niliishia darasa la nne. Maisha yangu yote nimeitwa Mzee Shimba, na majina mengine ambayo mke wangu Odeta hapendi niyaandike.

Nikasimama hapohapo. Nikasema Fisi hana kosa. Watu wakaguna. Nikawachambulia. Fisi ana taya la kuvunja paja la ng'ombe. Mwenye taya hilo atakaa chini adonoe dagaa mmoja mmoja? Dagaa ni chakula cha mdomo mdogo wenye subira. Pale porini nani ana mdomo mdogo wenye subira? Nani anainamisha kichwa kila akisali, na akikiinua kuna kitu anameza?

Muuza kahawa aliacha kumimina. Nilijua nimewapata.

Ndipo Mwalimu Nestory akakohoa. Mstaafu, mtu wa Nansio, nadhani hata kuoga anaoga na tai. Akasema Bi Kanga ni mfano wa uadilifu, na Fisi amekwisha kukiri kwa kicheko chake mwenyewe, maana kila akiulizwa swali anacheka. Nikamwambia anacheka kwa woga. Akaniuliza, kwa ile sauti ya kuita mtoto ubaoni, habari za woga wa fisi nimezisoma kitabu gani. Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Ijumaa tunapiga kura nani aende. Ni mimi au yeye. Mzee wa chaki atanitambua.


Jumanne, 15 Julai

Nimepata mbinu! Imenijia nikiwa nachuchumaa, ndiko zinakokuja nyingi.

Kwa maneno simuwezi Mwalimu. Ana maneno ya akiba. Lakini Mwalimu hawezi kucheka kama fisi. Mimi nitafika kijiweni Ijumaa, nitawapigia macheko mawili: la fisi aliyeshiba na la fisi mwenye hofu. Wasikie wenyewe tofauti. Uchambuzi wa vitendo! Studio wataniomba nibaki.

Asubuhi nikaomba mfupa kwa mwenye bucha. Akauliza wa supu? Nikamwambia hapana, wa kulegezea taya. Akanitazama. Akanipa.

Magharibi, wakati watu wako kwenye taarifa ya habari, nikapanda juu kwenye mawe nyuma ya nyumba zetu. Nikaanza. Mwanzo ilitoka sauti ya mzee aliyekabwa na ugali. Nikatafuna mfupa kidogo. Nikajaribu kutokea tumboni. Kisha kwenye mbavu. Halafu ghafla ikaja! Uuuu-wip! Na kicheko juu yake, hi-hi-hi-hi, chembamba, kinapanda. Mawe yetu yana tabia ya kurudisha sauti, basi mmoja nikawa ukoo mzima.

Chini nikasikia milango inafungwa. Pa. Pa. Pa. Nikadhani ni upepo wa ziwani, Julai huwa na upepo.

Nyumbani Odeta alikuwa ameweka komeo, na juu ya komeo kinu. Alinitaka nitaje jina la mama yangu na la mama yake kabla hajafungua. Kuna fisi nje, anasema, amelia juu ya mawe. Nikamuuliza alikuwa analia vizuri? Akasema nimerukwa na akili.

Sikumwambia. Odeta akijua, Justa jirani anajua. Justa akijua, Mwalimu anajua. Nimelala na furaha kama bwana harusi.


Jumatano, 16 Julai

Bombani habari ni moja tu: fisi. Wazee wanasema mlima huu haujasikia fisi tangu nyumba zilipobanana. Na fisi hawezi kupita stendi ya Nyegezi na vibanda vyote vile akafika huku peke yake. Kwa hiyo ana mwenyewe. Sisi Wasukuma tukisema fisi ana mwenyewe hatumaanishi mfugaji. Tunamaanisha mchawi anayempanda, watu wakilala.

Nilitabasamu tu. Wamekubali kabisa kuwa ni fisi! Watu wazima, waliozaliwa kwenye fisi!

Hata hivyo fundi makini hupima kazi yake. Wanadamu ni waoga, huwezi kuwaamini. Nilihitaji sikio la mbuzi. Justa anaye mmoja, jike, mwekundu, amefungwa nyuma ya nyumba. Justa mwenyewe alikuwa ameshuka mwaloni kununua samaki. Sikuiba. Niandike wazi: sikuiba. Nilimwazima kwa muda bila kumsumbua mwenyewe.

Nikamfunga kwenye kisiki huko kwenye mawe. Nikajificha upande wa pili. Nikapiga cheko la kushiba. Mbuzi akaacha kutafuna. Nikapiga la woga.

Jamani! Alikwenda na kamba, na kisiki! Sijaona mbuzi akipaa tangu nizaliwe. Alama mia kwa mia! Nilicheza peke yangu pale juu.

Kisha nikaanza kumtafuta. Nimetafuta mpaka giza likaingia. Kila pango, kila kichaka. Mbuzi hayupo. Nimerudi kwa njia ya nyuma. Justa anaita mbuzi wake, sauti inazunguka kwenye mawe yaleyale.

Atarudi mwenyewe. Mbuzi wana akili.


Alhamisi, 17 Julai

Mbuzi hajarudi.

Alfajiri filimbi ya sungusungu. Ngosha, kamanda wao, mtu wa maneno machache na kifua kingi, akawapandisha vijana kwenye mawe. Wameteremka na vitu viwili. Kwanza mfupa uliotafunwa. Pili habari ya nyayo za makatambuga, kushoto tairi limekatika kisigino. Nikatazama miguu yangu. Kushoto tairi limekatika kisigino. Nikaingia ndani nikavaa viatu vya kanisani. Siku ya Alhamisi! Mtaa mzima ukaviona.

Mwenye bucha naye akakumbuka kuwa kuna mzee alimwomba mfupa wa kulegezea taya.

Nimepita bombani, nikatoa salamu. Kimya. Watoto wa shule waliokuwa wananikimbilia na shikamoo wameinamisha vichwa. Kijiweni nikakaa kwenye benchi. Benchi likabaki na mimi. Muuza kahawa akasema kahawa imekwisha, na huku naisikia inachemka.

Najua kinachokuja. Kinaitwa kutengwa. Hakuna anayekupiga, hakuna anayekutukana. Hupewi moto, hupewi maji, salamu yako haijibiwi, na anayekujibu naye anatengwa. Nimewahi kumwona mtu aliyetengwa. Alikuwa anaongea na kuku wake. Mwisho akahama, kuku akawaacha.

Bado nilikuwa na utani moyoni. Nikasema haya ndiyo maisha ya Fisi! Hakuna aliyemuuliza, wamesikia cheko tu wakamalizana naye. Hoja mpya! Nikaiandika nyuma ya kalenda.

Kisha Odeta akarudi na beseni. Kila asubuhi anauza vitumbua pale kwenye ngazi za mawe, na kila asubuhi beseni linarudi tupu. Leo limerudi kama lilivyokwenda. Ameketi, hakulia. Akanieleza kuwa Justa alipita, akamwinamia, akamtazama usoni, akawaambia wanawake wengine wayatazame hayo macho. Odeta ana macho mekundu. Lazima yawe mekundu, anakaa kwenye moshi tangu alfajiri, miaka yote hiyo, ndio mchango wetu wa kanisa na chumvi na sabuni. Lakini huku kwetu bibi mwenye macho mekundu na fisi aliyelia, watu wakiviweka pamoja, hawaishii kwenye kunyimana salamu.

Hapo sikucheka.

Akaniuliza kama kuna jambo nalijua. Akasema, "Baba Modesta, wakikutenga wewe wananitenga mimi. Na mimi wataniangalia macho." Nikamwambia ngoja nikaongee na Ngosha.

Nilikwenda. Kweli nilikwenda. Nimefika mpaka kwenye ua wake, namwona anapasua kuni. Ndipo nikakumbuka: nikimwambia leo, kesho kwenye kura hakuna siri tena. Mwalimu atasema mzee huyu anabweka kwenye mawe. Siku moja tu! Nikageuka.

Jioni tumekuta tawi la miiba limelazwa mlangoni kwetu, onyo la kutengwa.


Ijumaa, 18 Julai

Hakukuwa na kura. Kulikuwa na filimbi.

Mtaa wote kwenye jiwe kubwa bapa, wanaume huku, wanawake kule. Mimi na Odeta katikati. Odeta amejifunga khanga mpaka kwenye nyusi, anaficha macho, na kadiri alivyoyaficha ndivyo walivyozidi kuyatafuta. Nilitamani jiwe lifunguke.

Ngosha akataja mfupa. Akataja nyayo. Akataja mbuzi. Akasema mwenye neno aseme kabla mtaa haujatoa uamuzi. Justa akasema mbuzi wake alikuwa na mimba. Watu wakanguruma.

Basi nikatema yote. Nikasema fisi ni mimi.

Yaani hapo niliharibu! Wanawake wakapiga yowe. Kuna mzee alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Nikapunga mikono, nikawaeleza upya: sio kwamba NI mimi, ni kwamba NILIKUWA mimi, nilikuwa nafanya mazoezi ya mchambuzi, ya redioni, Nyumba Kumi za Porini! Ngosha akaniuliza kama nataka kusema kuwa mzee wa umri wangu alipanda mawe magharibi akalia kama mnyama kwa ajili ya mchezo wa redio. Ukisikia kitu kwenye mdomo wa mtu mwingine ndipo unajua ubaya wake. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Haya, lia tusikie."

Nikashika mbavu. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

Hik.

Koo limekauka kama ngozi ya ngoma. Nikajaribu tena. Hik. Siku zote nakemewa kwa kelele zangu, leo naombwa kelele sina! Naona midomo ya watu inakaza. Naona Justa anageuka kumtazama Odeta. Nikajaribu mara nyingine, ikatoka pumzi tupu. Nimewaambia watu tangu Jumatatu kuwa fisi anacheka kwa woga. Uongo! Mwenye woga hana cheko hata la dawa.

Ngosha akainua filimbi. Akiipuliza imekwisha, ndio uamuzi.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa.

Mwalimu Nestory. Amesimama, anavutavuta tai. Nikajiambia huyu sasa anakuja kunimalizia. Akasema anaomba radhi kwa kuchelewa kusema. Akasema mzee Shimba anasema kweli, maana yeye amemsikia na kumwona, siku zote mbili, akicheka kwenye mawe. Ngosha akauliza alikuwa anafanya nini huko, na kwa nini amenyamaza watu wakilala wamefunga milango na vinu.

Mwalimu akatazama chini. Huyu aliyefundisha nusu ya wale waliosimama pale, pamoja na Ngosha mwenyewe. Akasema yeye pia alikuwa huko kwa mazoezi. Mazoezi ya nini? Ya Bi Kanga.

Watu wakasogea karibu.

Ngosha akamwomba aonyeshe. Kwa heshima, akasema shikamoo kwanza! Na Mwalimu akaweka miwani mfukoni, akakunja viwiko, akanyoosha shingo, akaanza. Kek-kek-kek-kek! Kekwaa, kekwaa! Akazunguka kidogo kwa hatua zile fupi. Tai inaruka begani. Mtoto wa nani sijui akacheka, akazibwa mdomo, mama yake naye akacheka, na baada ya hapo jiwe zima likawa soko. Mwalimu hakuacha. Alilia mpaka mwisho, uso umelowa jasho, kisha akavaa miwani.

Akasema mbuzi yuko kwake. Alikuja anapaa na kisiki, akamkuta yeye katikati ya kekwaa, wakaanguka wote wawili. Amemfunga chooni tangu juzi. Alishindwa kumrudisha kwa sababu angeulizwa amempatia wapi. Alidhani mambo yatapoa. Alipomwona mama Odeta leo anaficha uso, akaona tai yake haina uzito huo.

Vijana wakaenda. Wakarudi na mbuzi, na nyuma ya mbuzi mtoto wa mbuzi, bado amelowa, anayumba. Justa akakaa chini palepale akawakumbatia wote. Kisha akainuka, akaenda kwa Odeta, akamshika mikono. Sikusikia waliyosema. Odeta akashusha khanga.

Uamuzi: hakuna kutengwa. Ila mchenya, ile faini yetu ya chakula, kila mmoja sufuria la wali kwa sungusungu, mimi na Mwalimu. Na mimi peke yangu, marufuku kutoa sauti ya mnyama yeyote wa porini mtaa huu. Nikauliza kuhusu ng'ombe. Ngosha akanitazama nikaacha.

Odeta hajanisemesha. Ameninunia mpaka ukuta umeelewa.


Jumamosi, 19 Julai

Kijiwe kilimpeleka Mwalimu. Kwa kauli moja! Mtu ameficha mbuzi chooni, wanamwita shujaa.

Nimesikiliza nyumbani, nikiwa naosha sufuria la mchenya. Odeta kakaa karibu na redio, kajifanya anachambua mchele. Mwalimu akamtetea Bi Kanga vizuri, sikatai, ingawa kekwaa yake ya hewani ilikuwa kavu. Halafu mwishoni akasema jambo. Akasema ameanza kumwonea Fisi huruma, kwa sababu ameona kwa macho yake jinsi watu wanavyomhukumu mtu kwa sauti yake na kwa rangi ya macho ya mkewe, bila kuuliza. Na akasema hoja hiyo ameipata kwa mzee mmoja wa mtaani kwao, Mzee Shimba.

Nilisimama! Povu mpaka kwenye viwiko! Jina langu, hewani, Mwanza nzima, mpaka visiwani!

"Mwanafunzi wangu," akamalizia.

Mwanafunzi! Nimemzidi umri! Odeta alicheka mpaka mchele ukamwagika. Ni cheko lake la kwanza tangu Alhamisi, kwa hiyo nikaliacha lipite. Lakini nimeliandika hapa.

Na huko kwenye mchezo mwizi amejulikana: Kiboko, balozi mwenyewe. Upuuzi! Kiboko anakula majani. Mtunzi hajui kazi yake. Nimewaambia kijiweni, wamenipa kahawa ninyamaze.


Jumatatu, 21 Julai

Maisha yamerudi. Salamu zinajibiwa. Vitumbua vimekwisha mapema, Justa mwenyewe kachukua vya kwake na vya wageni. Mwalimu tumekunywa kahawa pamoja, nimemlipizia kwa kumwita Bi Nestory, amevumilia. Odeta ameniapisha juu ya kitabu cha nyimbo kuwa upuuzi umekwisha. Nimeapa. Nimeapa habari za fisi.

Maana jioni mchezo umeanza sura mpya. Fisi amesafishwa jina, sasa wamemgeukia Bundi. Kila usiku anatua juu ya paa la mgonjwa, na asubuhi wanasema amemletea kifo. Kijiwe kizima kikatema mate chini, hata Mwalimu akajivuta nyuma. Wote wanamwogopa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini anatua pale! Mimi nimemwelewa mara moja. Nyumba yenye mgonjwa ndiyo pekee yenye taa usiku. Taa inaita wadudu, wadudu wanaita panya buku, na Bundi ana familia ya kulisha. Ni mtu wa kazi yake! Uchambuzi kama huo unataka ushahidi wa sauti, na wa mahali. Bundi halii akiwa chini.

Ngosha alisema wanyama wa porini. Bundi ni ndege.

Paa letu ni la bati, liko juu kidogo ya dirisha la Justa, litapaza vizuri. Odeta Jumatano anakwenda jumuiya. Nimepita kwa Ngosha kuazima ngazi. Alikuwa na furaha kuniona, akaniuliza hali ya mama, akanibebea mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuuliza ya nini.